Je, wajua kwa nini zege hunyimwa maji leo, kesho likamwagiliwa?

Siku ya kumwaga jamvi (sakafu ya zege), mhandisi na mafundi hugombania ndoo moja ya maji. Kesho yake mhandisi huyohuyo anataka zege limwagiliwe asubuhi na jioni, wiki nzima au zaidi. Kigeugeu? Hata kidogo.

Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji huungana na maji kikemikali, na muungano huo ndio unaoshika mchanga na kokoto. Maji yanayotumika humo ni kama robo tu ya uzito wa saruji. Mchanganyiko mkavu kiasi hicho haukorogeki, kwa hiyo mara nyingi hufikishwa karibu nusu: lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga ulionyeshewa (hayo husahaulika sana). Yanayobaki bila kazi huacha vitundu, na vitundu ndiyo udhaifu wenyewe. Mtafiti wa zege Duff Abrams alilionyesha hilo kwa vipimo huko Chicago mwaka 1918.

Fundi anayeongeza ndoo si mjinga. Zege jepesi hupita kwenye nondo zilizobanana na halimchoshi saidia fundi. Ila dawa ya hapo ni mashine ya kutikisa zege, si maji.

Likishaganda, mambo yanageuka. Jua la Dar es Salaam na upepo wake huyanyonya maji kabla saruji haijamaliza kazi; muungano unasimama njiani na uso unapasuka. Ndiyo maana ya kumwagilia na kufunika kwa magunia mabichi.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi jijini humo lilianguka, wakafa watu 36. Majengo huanguka kwa sababu nyingi, na zege hafifu ni mojawapo, tena lisiloonekana kwa macho.

Hivyo hupimwa: michemraba ya sentimita 15 hujazwa zege lilelile, ikavunjwa kwa mashine siku ya 7 na ya 28. Zege la daraja la 25 (yaani kiwango cha nguvu) linatakiwa kuhimili kama tani 57 kwa mchemraba. Lakini mchemraba hulala ndani ya tangi la maji, nguzo iko juani. Ukifaulu, umesifu mchanganyiko tu. Nguzo ikitiliwa shaka, inabidi ikatwe kipande kwa keekee, nacho kikavunjwe.