Mwana Kupona msomeni mpaka mwisho

Kila muhula naletewa insha ile ile: eti Utendi wa Mwana Kupona, shairi refu la wasia wa mama kwa bintiye, ni kanuni za kumtumikisha mwanamke, na aliyeutunga alikuwa akiwasemea wanaume tu. Nikiuliza umesoma beti ngapi, naambiwa zile chache zilizomo kwenye kitini. Utendi una beti 102!

Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa na tena mjane. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, aliyepigana na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alikuwa amefariki mwaka 1856. Anamwita bintiye aje akae karibu "na wino na qaratasi". Wanaodai kwamba wanawake wa Lamu na Pate wa zama hizo hawakujua kalamu wamejibiwa hapo hapo. Na wasia unaanzia wapi? "La kwanda kamata dini / faradhi usiikhini," yaani la kwanza shika dini, wala faradhi usiiache. La pili ni adabu na ulimi mwema, la tatu ukweli. Mume bado hajatajwa. Zinapohesabiwa radhi, ni tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, kisha ndiyo ya mume.

Beti za mume ni nzito, sikatai. Binti anaagizwa asimjibu mumewe anaponena, na anaambiwa kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa mkewe atendewe nini. Anayetaka kubishana nazo abishane. Lakini asiuruke ubeti huu: "Mtunde (mtunze) kama kijana / asioyuwa kunena." Mume huyo huyo anatunzwa kama mtoto asiyejua kusema, na macho ya kuangalia kiingiacho na kitokacho ni ya mke. Mama huyu anamfundisha mwanawe kuishi na watu: namna ya kusema, ya kunyamaza, ya kuendesha nyumba. Kisha anamgeukia Mola kwa dua ndefu, akijiombea na kuwaombea wanawe. Dua hiyo sijaiona katika insha hata moja.

Ushauri wangu ni ule ule siku zote: tafuta matini ya Kiamu, lahaja ya Lamu, uisome kwa sauti, kwa mahadhi. Ukisoma kimoyomoyo, kina cha mwisho kinachofunga kila ubeti kinakupita.

Madai mengine ya insha hizo ni mepesi kujibu. Tendi zote ni tafsiri za Kiarabu? Hamziya ndiyo, asili yake ni qasida, shairi la Kiarabu la kumsifu Mtume, ya al-Busiri. Lakini Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inatazama majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, na moyo unaosutwa humo ni wa mtunzi mwenyewe. Kila kisa cha utenzi ni hadithi sahihi? Hapana. Tendi za vita zimefuata masimulizi ya maghazi, yaani vita vya Mtume na masahaba, yenye mashujaa na maajabu tele; usimtolee mtu hukumu ya dini kwa ubeti wa Ras al-Ghuli, mmoja wa tendi hizo. Ushairi wa kale wa pwani wote ni mawaidha? Anayesema hivyo hajamsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa, mtetezi wa Wamazrui waliotawala mji huo, aliyemrushia Sayyid Said mashairi ya vita na kejeli.