Matendo ya Mitume 16:31, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka, wewe na nyumba yako", sio garantii kwamba familia nzima itaokoka

Huku kwetu Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Mwanjelwa, ukimwombea mume au mtoto muda mrefu bila kuona kitu utaambiwa tu "dai ahadi, wewe na nyumba yako", na asipookoka basi imani yako ndogo. Nawaonea huruma sana wamama wanaobeba hilo, unamkuta mtu kwenye maombi ya alfajiri, baridi ya mwezi wa sita, kajifunika kitenge mpaka kichwani, anatubu kosa ambalo hana.

Tusome na mstari unaofuata jamani. Paulo na Sila walimwambia hivyo mlinzi wa gereza kule Filipi, ila mstari wa 32 unasema wakawahubiria na wote waliokuwemo nyumbani mwake, yaani kila mtu alisikia neno mwenyewe, sio kwamba baba kaamini basi yameisha. Na huyohuyo Paulo kwenye 1 Wakorintho 7:16 anamuuliza mke, utajuaje kama utamwokoa mumeo? Hata ndugu zake Yesu hawakumwamini, Yohana 7:5, sasa hapo imani ya nani ilikuwa ndogo?

Kuomba tuombe, tena bila kukata tamaa, Luka 18:1. Monika alimlilia mwanae Augustino, yule mwalimu maarufu wa kanisa la kale, miaka mingi, akaja kubatizwa Milan mwaka 387, na mama akafariki mwaka huohuo. Kwa hiyo dada yangu, mumeo kama bado, endelea kumtaja kwa jina mbele za Mungu, ila usijishtaki.