Presha imekaa sawa, basi ndo umeacha beta bloka?

Wa tatu huyu wiki hii. Kakaa kwenye kiti anajiamini kabisa, ananiambia "Daktari, presha ilikuwa 120 kwa 80 wiki mbili mfululizo nikaona nimepona, nikaacha." Mapigo 118, mtu kakaa tu, kifua kinambana, na kwenye mkoba ana atenololi, ndo beta bloka yake, vidonge kibao havijaguswa.

Jamani. Presha ilikuwa 120 kwa sababu ulikuwa unameza dawa. Hilo nimelisema mpaka koo limekauka, tuliache.

Kinachonikera zaidi ni hii imani kwamba dawa za presha zote ukiacha ni yale yale, presha inarudi taratibu ilipokuwa na maisha yanaendelea. Amlodipini kweli inatoka mwilini polepole (sijasema uiache!). Beta bloka ina visasi. Kazi yake ni kukalia viti vya adrenalini kwenye moyo, adrenalini ikija inakuta pamejaa inaondoka. Sasa mwili si mjinga, ukiona viti vimekaliwa miezi na miezi unaongeza vingine, halafu wewe siku moja unaacha ghafla, viti vyote vya zamani na vipya viko wazi, adrenalini ile ile ya siku zote inapata pa kukaa pengi kuliko hata kabla hujaanza dawa. Moyo unakimbia, unadai oksijeni, na kama mishipa yake ilishaanza kuziba ndo hapo mtu anapata shambulio la moyo ndani ya siku chache. Haya tunayajua tangu miaka ya 1970 na propranololi, beta bloka ya zamani, sio habari mpya.

Ndo maana tunashusha dozi kidogo kidogo, wiki moja mbili, wengine zaidi.

Haraka haraka: una pumu, sema kabla sijaandika. Unatumia insulini, sukari ikishuka hutasikia moyo kudunda wala kutetemeka vizuri, jasho ndo litakushtua. Mapigo 55 bila kizunguzungu sio ugonjwa, acha kujipima kila nusu saa.

Na mimi nikiri kitu. Kwa presha tupu, moyo hauna shida, atenololi sio chaguo langu la kwanza, utafiti wa LIFE mwaka 2002 ulionyesha waliopewa losatani, dawa nyingine ya presha, waliopata kiharusi walikuwa wachache kuliko wa atenololi. Na waliopona shambulio la moyo, moyo bado unasukuma vizuri, tulikuwa tunawapa wote beta bloka ya maisha, mpaka utafiti wa REDUCE-AMI wa 2024 ukaja usione faida. Kwa hiyo baadhi ya hawa ninaowafokea huenda kweli hawaihitaji, na wapo niliowaandikia mwenyewe miaka yote hiyo, inaniuma kidogo. Moyo uliodhoofika ni habari nyingine, pale beta bloka inaokoa watu na sina mjadala.

Huyu wa leo kipimo cha umeme wa moyo kilitoka salama, nikamrudishia dawa. Kafika mlangoni kageuka: "Kwa hiyo ikifika 120 tena, naacha nusu nusu?"