Sumaku haipozi atomu

Wanafunzi wengi wa fizikia hapa Kampala wakisikia "atomu baridi" hufikiria friza kubwa. Hakuna friza. Theluji ya Rwenzori ina takriban kelvini 273 (yaani nyuzi 0 za Selsiasi), ilhali atomu zilizonaswa hushuka chini ya sehemu moja ya milioni ya kelvini ndani ya kioo ambacho ukikigusa kina joto la kawaida la chumba. Ubaridi wa atomu ni kupungua kwa mwendo wake, na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, ndilo linalozitenga na joto la nje.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba sumaku ndiyo inayozipunguzia kasi. Sivyo, kazi hiyo ni ya mwanga. Atomu za sodiamu hutoka kwenye tanuri kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde, zikakutana uso kwa uso na leza. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayomezwa hupunguza takriban sentimita 3 tu kwa sekunde, kwa hiyo zinahitajika zaidi ya 30,000. Kikwazo ni kwamba atomu ikipunguza mwendo, rangi ya mwanga inayoiona hubadilika, na baada ya muda mfupi haiumezi tena. Mwaka 1982 wanafizikia William Phillips na Harold Metcalf walipitisha atomu ndani ya koili ambayo uga wake wa sumaku hubadilika hatua kwa hatua. Uga ule husogeza viwango vya nishati vya atomu, ikaendelea kuafikiana na leza ileile njia nzima. Naona huo ni ubunifu wa hali ya juu.

Wengine hudhani mtego wa sumaku hunasa atomu yoyote, kama sumaku na msumari. Hunasa zile tu zinazokimbilia uga dhaifu, nyingine hufukuzwa. Tena mtego ni hafifu: ule wa Phillips na wenzake wa mwaka 1985 ulikuwa na kina (joto la juu kabisa unaloweza kulishika) cha sehemu 17 tu za elfu ya kelvini, hivyo atomu iliyotoka tanurini moja kwa moja ingepita bila kushikwa. Na katikati, pale uga unapokuwa sifuri, atomu hugeuza mwelekeo wake wa sumaku na kuponyoka. Mwaka 1995 wanafizikia Eric Cornell na Carl Wieman, huko Boulder, Marekani, waliuzungusha uga ili sifuri hiyo isitulie penye atomu, wakapoza rubidiamu hadi sehemu 170 za bilioni ya kelvini, yaani 0.00000017.

Atakayejenga mtambo huu Makerere atahitaji pia koili za kufuta uga wa dunia yenyewe.