Je, wajua kwa nini samaki wa pwani za joto wanakula sana maji yakianza kupoa?

Watu wengi wanaamini baridi ikiingia tu samaki wanagoma kula, wanashuka kilindini na kutulia huko mpaka joto lirudi, kwa hiyo mishipi inakunjwa na ndoano zinaachwa zishike kutu. Lakini kwenye pwani ambako maji yalikuwa yamegonga nyuzi 30, wiki za kwanza za kupoa ndo samaki wanavamia chambo vibaya sana.

Kosa ni kumpima samaki kwa mwili wetu. Sisi baridi ikipiga mwili unaunguza chakula zaidi ili ubaki na joto lake, samaki hana hiyo kazi kabisa, joto la mwili wake ni la maji aliyomo (jodari ni tofauti, mishipa yake ya damu imejipanga kiasi kwamba joto la misuli halipotei ovyo). Wengine wanasema anajaza mafuta ya kumkinga na baridi. Hapana. Wapo wanaojinenepesha kabla ya kusafiri au kutaga, sawa, ila hilo halielezi kwa nini samaki aliyekataa chambo wiki iliyopita leo anakimeza na ndoano yake.

Chukulia gari limesimama huku injini inanguruma, haliendi popote na mafuta yanaisha. Samaki kwenye maji moto yuko hivyohivyo, maji yakipanda nyuzi 10 matumizi yake ya oksijeni ya kuishi tu, bila kufukuza chochote, yanaongezeka karibu mara mbili, na wakati huohuo maji yenyewe yanaishiwa maana lita moja ya maji ya bahari kwa nyuzi 30 inabeba kama miligramu 6 za oksijeni, kwa nyuzi 20 inabeba zaidi ya 7. Mtazame mchana wa jua kali kwenye kivuli cha gati: mashavu yanafunguka na kufunga harakaharaka, kamba anapita mbele ya mdomo wake na hageuki. Kumfukuza kunahitaji oksijeni, hata kumsaga tumboni kunahitaji oksijeni. Maji yakipoa kidogo tu injini inashuka, inabaki nguvu ya kuwinda.

Na hapo chakula nacho kinamfuata. Maji ya kina kifupi yanapoa haraka kuliko bahari kuu, mikizi na kamba wanaanza kutoka kwenye vihori na mikoko, na maji yakipwa wanapita kwa wingi kwenye milango ya mikondo, wawindaji wamejipanga hapohapo. Sio baridi pekee inayowasukuma, siku nazo zinafupika na samaki wanalihisi hilo pia.

Ila kuna mwisho wake. Baridi ikizidi injini yenyewe inakaribia kuzima, na ikija ghafla inaua: Februari 2021 kwenye pwani ya Texas walikufa samaki wasiopungua milioni 3.8.

Kabla ya kufika huko, siku za baridi kiasi, saa ya kuvua inabadilika. Wakati wa joto alfajiri ndo tamu kwa sababu maji yamepoa usiku, sasa ni bora mchana kuelekea alasiri, kwenye kina kifupi chenye tope jeusi linalonyonya jua. Vuta chambo polepole, maana samaki wa maji baridi hanyakui kwa kishindo, utahisi mshipi umekuwa mzito tu, kaza hapohapo.