Kisukari, Sonona na Hofu ya Sukari Kushuka

Mgonjwa anapofika katika kliniki ya kisukari hapa Mombasa sukari yake ikiwa juu mwezi baada ya mwezi, aghalabu huulizwa amekula mahamri mangapi na chai yake ametia sukari kiasi gani. Nikiwa daktari wa magonjwa ya akili, siyapingi maswali hayo, ila naona hayatoshi. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayomwondolea mtu raha ya maisha, huwapata wenye kisukari takriban mara mbili zaidi ya wasio nacho, na kila ugonjwa huuchochea mwenziwe. Msongo wa muda mrefu huufanya mwili utoe kotisoli kwa wingi, homoni inayoliamrisha ini kumwaga glukosi, yaani sukari, katika damu na kuipunguzia nguvu insulini, homoni inayoshusha sukari. Isitoshe, mwenye sonona anapoacha vidonge vyake vya metofomini vya kushusha sukari, mara nyingi si kwa uzembe bali haoni faida ya kuvimeza, na kumkaripia humzidishia hatia tu.

Uchovu, kupungua uzito na kukosa usingizi huweza kuletwa na sukari au na sonona, ndiyo maana mimi huanza kwa kuuliza iwapo katika wiki mbili zilizopita mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mgonjwa bado yanampa raha.

Wasiwasi ndio unaotatanisha zaidi. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mwili hutoa adrenalini, naye mtu hutoka jasho, hutetemeka na moyo humwenda mbio, dalili zile zile za shambulio la hofu. Anayejidunga insulini, na ambaye aliwahi kuishiwa nguvu katikati ya msongamano wa feri ya Likoni, huweza kuanza kupunguza dozi au kula vitamu kila atokapo nyumbani, akiridhia sukari iwe juu ili yasimpate tena, na daktari asiyeuliza habari hiyo atamwongezea dawa bure. Ushauri wangu ni kwamba mgonjwa akizihisi dalili hizo, apime sukari kwanza. Asiye na mashine ya kupimia na achukulie kwamba sukari imeshuka, anywe soda yenye sukari, kwani kuipuuza sukari iliyoshuka kuna hatari kubwa zaidi.

Tiba ya mazungumzo husaidia, na dawa huchaguliwa kwa uangalifu: fluoksetini, dawa ya sonona, huweza kuteremsha sukari kidogo, hivyo vipimo viongezwe mwanzoni, ilhali amitriptilini, nayo dawa ya sonona ambayo wengi hupewa kwa miguu inayowaka moto, huongeza uzito. Familia nyingi za hapa Pwani hutangulia kwa shehe kabla ya kuja kwetu. Mimi sina neno na dua, mradi mgonjwa asiachishwe insulini.

Mgonjwa akisema hana haja ya kuishi, asingojee tarehe yake ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na insulini yake itunzwe na mtu mwingine, ampe dozi kwa wakati wake.