Kaunti ndogo, wadi, kata: Tana River inavyogawanywa

Mtu akikuambia anatoka Kaunti ya Tana River, utajua amezaliwa karibu na mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Hutajua bado ni nani anayemwongoza, kwa sababu ardhi ile ile imekatwa mara mbili, kwa sheria mbili tofauti, na mipaka ya mkato mmoja si lazima ilale juu ya mipaka ya mwingine. Hapo ndipo wengi wanapopotea wakisoma takwimu za watu au wakitafuta ofisi ya kupeleka shida zao.

Tuanze na neno lenyewe. Kaunti ni kitengo kilicholetwa na Katiba ya mwaka 2010, iliyoondoa mikoa minane na kuweka kaunti 47. Idadi hiyo haikuokotwa hewani. Sheria ya mwaka 1992 ilitambua wilaya 46, ukiongeza Nairobi unapata 47, na wilaya nyingi zilizozuka baadaye kwa matamko ya kisiasa hazikupewa kaunti yake. Tana River, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Pwani, ikawa kaunti nambari 4, baada ya Mombasa, Kwale na Kilifi. Makao makuu yake ni Hola.

Mkato wa kwanza ni wa serikali ya kaunti, ule wa gavana. Chini yake yapo maeneo bunge matatu: Garsen, Galole na Bura. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema kaunti ndogo ni sawa na eneo bunge, kwa hiyo kwa hesabu hii kaunti ndogo ni tatu zenye majina hayo hayo. Kila eneo bunge linagawanywa kwa wadi, na wadi zote ni 15. Garsen ina sita: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, na Garsen ya Kusini, ya Kati, ya Magharibi na ya Kaskazini. Galole ina nne, yaani Kinakomba, Mikinduni, Chewani na Wayu. Zilizobaki tano ni za Bura: Chewele, Hirimani, Bangale, Sala na Madogo. Kila wadi humchagua mwakilishi mmoja wa kwenda kukaa kwenye bunge la kaunti, na pia ina msimamizi wa wadi, ambaye ni mwajiriwa wa kaunti.

Mkato wa pili ni wa serikali ya kitaifa, na huu ndio wa zamani zaidi. Mizizi yake ni ya kikoloni. Juu yuko kamishna wa kaunti. Chini yake naibu kamishna anasimamia kaunti ndogo, msaidizi wa kamishna anasimamia tarafa, chifu ana kata yake, na naibu wa chifu ana kata ndogo. Watu barabarani husema lokesheni na sablokesheni. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayepigiwa kura. Kwa ngazi hii, kaunti ndogo za Tana River katika sensa ya 2019 zinaitwa Tana Delta, Tana River na Tana North. Ndiyo, kuna kaunti ndogo ya Tana River ndani ya Kaunti ya Tana River, na ukisoma jedwali kwa haraka utadhani kaunti nzima imesinyaa usiku mmoja. Jina la Tana Delta nalo liliwahi kuwa la wilaya iliyomegwa kabla ya katiba mpya.

Msomaji wa Tanzania anahitaji tahadhari zaidi. Kwake kata ina diwani aliyechaguliwa, na wilaya ina mkuu wake. Kenya, kata ni ya chifu aliyeajiriwa, na anayefanana na diwani ni mwakilishi wadi. Neno diwani lenyewe Wakenya walilitumia enzi za mabaraza ya miji na wilaya, na wazee wengi bado wanalitumia. Kwa hiyo Mtanzania na Mkenya wanaweza kuzungumzia kata kwa saa nzima, kila mmoja akiwa na picha yake kichwani.

Je, tofauti hii inamgusa mwananchi wa kawaida? Sana. Mtoto akizaliwa nyumbani, anayeandikisha taarifa ya kuzaliwa ni naibu wa chifu wa kata ndogo. Kijana akitaka kitambulisho, safari inaanza huko huko. Zahanati ikikosa dawa, hiyo ni kazi ya kaunti, na wa kusumbuliwa ni mwakilishi wadi. Darasa la chekechea ni la kaunti. Darasa la kwanza, pengine ng'ambo ya uwanja uo huo, ni la serikali ya kitaifa, na mara nyingi limejengwa kwa fedha za hazina ya eneo bunge zilizopitia kwa mbunge. Mtu anayekwenda kwa chifu kulalamikia dawa atasikilizwa kwa heshima, kisha atarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa idadi ya watu. Sensa ya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019 ilihesabu watu 315,943: wanaume 158,550, wanawake 157,391 na watu wawili wenye jinsia mbili. Mwaka 2009 walikuwa 240,075, na mwaka 1999 walikuwa 180,901. Ongezeko la muongo wa mwisho ni karibu theluthi moja.

Peke yake tarakimu hiyo haisemi mengi, mpaka uiweke juu ya ardhi. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Kaunti ya Kiambu ina kama 2,500, na watu 2,417,735. Kwa hiyo Kiambu kuna zaidi ya watu 900 kwa kilomita moja ya mraba, na Tana River hawafiki kumi. Kiambu ina wadi 60. Gawanya ardhi ya Tana River kwa wadi zake 15 utaona kwamba wadi moja ya wastani inakaribia ukubwa wa Kaunti nzima ya Kiambu. Mwakilishi wa Kiambu ana wastani wa watu 40,000, mwenzake wa Tana River ana kama 21,000, lakini mmoja anaweza kuizunguka wadi yake kwa bodaboda kabla ya chakula cha mchana, na mwingine anahitaji gari lenye nguvu, siku kadhaa, na mvua isinyeshe.

Wastani nao unadanganya. Watu hawakumwagwa sawasawa kama mbegu. Wapokomo ni wakulima na vijiji vyao vimepangana kandokando ya mto, ambako mafuriko huacha udongo wenye rutuba. Waorma na Wawardei ni wafugaji, na sehemu kubwa ya malisho yao iko mbali na maji. Kiangazi kikikaza hushusha ng'ombe hadi mtoni kupitia njia zinazoitwa malka. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mfugaji aliyehama na mifugo wake wiki ile ataandikwa kwenye kata ndogo ya ugenini, na kwao kutaonekana kutupu kuliko kulivyo. Ndiyo maana mimi huziamini zaidi takwimu za kaunti nzima kuliko za kata ndogo moja moja katika maeneo ya wafugaji.

Jambo lingine la kuangalia: vitabu vya sensa hupanga watu kwa mkato wa pili, yaani kaunti ndogo, tarafa, kata na kata ndogo. Anayetaka idadi ya watu wa wadi fulani hulazimika kujumlisha kata ndogo zinazoiunda. Mwaka 2012 tume ya uchaguzi ilipochora wadi 1,450 za nchi nzima, ilitumia hesabu za watu za sensa ya 2009.

Idadi hizo ndizo zinazoamua viti. Katiba inataka kila eneo bunge liwe na watu wanaokaribia wastani wa nchi, ila kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache inaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40. Kwa sensa ya 2009 wastani ulikuwa kama watu 133,000. Galole ilikuwa na 60,866, chini hata ya kiwango hicho kilicholegezwa. Isingekuwa kifungu cha mpito kilichozuia eneo bunge lolote lililokuwepo lisifutwe katika mgawanyo ule wa kwanza, Galole ingeunganishwa na jirani yake, na mbunge mmoja angebeba eneo lenye upana wa kutisha. Wakazi wa mijini wanaolalamika kwamba kura ya Galole ina uzito kuliko yao wana hesabu upande wao. Sidhani kama wamewahi kusafiri kutoka Wayu.

Kuna na mpaka wa mashariki. Utawala wa kikoloni haukuuweka mtoni. Uliuchora maili tatu mashariki ya mto, ili kingo zote mbili ziwe upande wa Tana River na wafugaji wa kaskazini-mashariki wabaki ng'ambo ya mstari. Kaunti jirani ya Garissa inadai mto wenyewe ndio mpaka. Mabishano hayo ni ya miongo mingi, na sensa huyachokoza, kwa sababu aliyehesabiwa ndani ya maili zile tatu anaongeza mgao wa fedha wa kaunti moja au nyingine. Madogo, upande wa magharibi, haina utata huo. Mkazi wake huvuka daraja kwenda sokoni Garissa mjini asubuhi na kurudi kabla ya adhuhuri. Akitaka ofisi ya gavana wake, anapanga safari ya kushuka hadi Hola.